Kinyozi wa Talkha aliyeweka wembe chini

Saa mbili asubuhi, mtaa wa nyuma ya stesheni ya Talkha. Usta Wagdi Abu Shusha anafika ghorofa ya nne akihema, anaweka mkoba wake wa ngozi mezani kando ya bakuli la ful, maharage ya kifungua kinywa, na kabla hajapata pa kukaa anaulizwa kama amekunywa chai.

"Nimekunywa nyumba tatu tayari, Mama Hani. Ukiniongeza ya nne utanitafutia choo badala ya mteja."

"Basi nusu gilasi," anasema mwenye nyumba, kisha anaingia jikoni na kurudi na gilasi iliyojaa hadi ukingoni.

Mumewe, Labib Girgis, fundi cherehani aliyestaafu, anasubiri kitini karibu na dirisha, taulo limeshazungushwa shingoni. Figo zake zimechoka. Kila wiki huvushwa mto kwenda Mansura, damu yake ikasafishwe hospitalini, na dawa anazopewa huko hufanya damu ikawie kuganda. Wembe umepigwa marufuku kumkaribia.

Usta Wagdi, kama mafundi wanavyoitwa huku, anampapasa shavu kwa mgongo wa vidole, kwanza kwa kushuka, halafu kwa kupanda. Anatafuta nywele zimelala upande gani.

"Hujanawa uso?"

"Ulinikataza, nikanawe kwa nini?"

"Vizuri. Uso ukiwa mkavu mashine inateleza. Ukiwa na jasho inanata."

Anabonyeza kitufe. Mashine inaanza kunguruma kwa sauti ya chini, na hapo ndipo mgeni anaona kitu ambacho watu wa nyumba hii wameshakizoea: mkono wa kulia wa kinyozi unatetemeka. Hauchezi kidogo. Unatetemeka kama mkono wa mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi, na mwenyewe hajishughulishi kuuficha.

Kwa mkono wa kushoto anavuta ngozi ya shingo mpaka inyooke. Anaanzia hapo, mashine ikiwa bado haijapata joto, kwa sababu ngozi ya shingo ndiyo inayolalamika kwanza. Anapandisha kinyume cha nywele, polepole, bila kukandamiza. Mlio unakwaruza palipo na ndevu, kisha unalainika zinapokwisha, na yeye anaufuata kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho.

Akimaliza, Labib anajipangusa kidevu kwa kiganja, huku na huku, kama anayekagua kitambaa kabla ya kukikata.

"Naiman," anasema Wagdi, neno ambalo kila mtu hapa humwambia aliyetoka kunyolewa, la kumtakia neema.

"Mungu akuneemeshe na wewe, Usta. Leo nitaonekana mtu mbele ya wale manesi."

Usta Wagdi, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alizaliwa katika ukinyozi. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na si mzaha mtupu. Chumba alichozaliwa kilikuwa juu ya duka la baba yake, na harufu ya kwanza anayoikumbuka ni ya sabuni ya kunyolea na kolonya ya ndimu.

Baba yake alimfundisha wembe wa kukunja, ule unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi. Wakati vinyozi wengine wa Talkha walipogeukia mitindo ya nywele za vijana, Wagdi alibaki na ndevu. Watu walivuka daraja kutoka Mansura kuja kunyolewa na yeye tu. Maharusi walimwekea nafasi kabla hawajapata ukumbi.

"Nilikuwa na majivuno," anakiri huku akicheka. "Mtu akitoka kwangu, inzi akitua shavuni anateleza. Hayo yalikuwa maneno yangu, na nilikuwa nayasema kwa sauti ili kinyozi wa jirani asikie."

Mtetemeko ulianza kidogo kidogo. Kwanza kijiko kiligonga gilasi ya chai. Halafu ufunguo ukawa hauoni tundu la kufuli. Daktari alimwambia si ugonjwa wa kuua, ni mishipa tu, na kwamba huenda ukaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Alimpa vidonge vilivyomsaidia kiasi.

Wagdi hakumwambia mtu. Alijifunza kuegemeza kidole cha mwisho kwenye taya la mteja ili mkono utulie, na kwa muda mrefu ujanja huo ulitosha.

Mpaka Alhamisi moja, duka limejaa, alipoketi kitini Hajji Shauki Abdulmaksud.

Hajji Shauki alikuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu, na ni mteja wa duka lile tangu ujana wake. Miezi michache kabla ya siku hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo na kuwekewa vali, akaanza kunywa dawa za kuzuia damu isigande. Hakumweleza kinyozi.

"Nani anamhadithia kinyozi dawa anazokunywa?" anauliza Hajji Shauki leo, akijitetea. "Kinyozi unamhadithia dawa wanazokunywa wengine."

Wembe ulipita vizuri mashavuni. Chini ya kidevu, mkono ukaruka. Kilikuwa kidonda kidogo, ambacho siku nyingine kingezimwa kwa kipande cha shabu na stori ikaendelea. Damu haikusimama. Wagdi alibana kwa taulo, taulo likalowa. Akabadilisha. Mmoja akakimbilia mkahawani kuleta unga wa kahawa wa kuzibia jeraha, mwingine akaita bajaji.

"Nilikuwa nimemshika shingo njia nzima, tunavuka daraja, honi zinalia," anakumbuka Wagdi. "Na mkono uliokuwa umembana ndio huohuo uliomkata. Unatetemeka, nami nauambia, tulia, angalau sasa hivi tulia."

Hospitalini walimshona na kumlaza. Aliruhusiwa baadaye akiwa mzima, na onyo moja ambalo mkewe alilirudia kwa kila aliyekuja kumjulia hali: kuanzia leo, wembe mwiko.

Usiku huo Wagdi aliteremsha mlango wa chuma wa duka na kutia kufuli. Redio aliiacha ikiimba ndani. Kesho yake mkewe, Insaf, ndiye aliyekwenda kuizima.

Hakurudi tena. Insaf alianza kupika mahshi ya kabichi, majani yaliyoviringishwa na wali ndani, kwa majirani walioagiza, na kwa miezi kadhaa nyumba iliendeshwa na sufuria yake. Mumewe alimsaidia kukunja majani, kazi ambayo mkono wake ulikuwa ukiharibu, na Insaf akawa anayakunja upya akiwa amempa mgongo ili asione.

"Sikumlaumu," anasema Insaf. "Ila nyumba ilikuwa kimya. Mtu aliyezoea kusema toka asubuhi mpaka usiku anakaa anatazama ukuta. Nilikuwa namwombea mgeni, yeyote yule, hata wa kugombana naye."

Mgeni alikuja, na kugombana akagombana.

Hajji Shauki aligonga mlango kwa fimbo. Alikuwa na kovu chini ya kidevu, mabaka ya ndevu nyeupe usoni, na shingo yenye vipele vyekundu kama aliyeumwa na nyuki. Mkononi alibeba mfuko wa plastiki.

"Umejifungia ndani kama bibi harusi?" alianza, hata salamu hajatoa.

Wagdi alisimama, akashindwa kumtazama. "Hajji, ningekuja kukuomba radhi. Nimeona haya."

"Radhi nitaila na mkate? Tazama shingo yangu." Alitoa mfukoni mashine ndogo ya kunyolea aliyoinunua kwenye mkokoteni sokoni. "Hii hainyoi, inang'oa. Nikiacha, ninawashwa. Nikinyoa, ninalia. Mke wangu amehamia chumba cha wageni, anasema hawezi kulala na fagio. Wewe ni kinyozi. Fanya kitu."

"Mkono huu nusura ukuue, Hajji."

Jibu alilopewa Wagdi analikumbuka neno kwa neno.

"Mkono huo umeninyoa siku ya harusi yangu. Umeninyoa asubuhi niliyomzika mama yangu, na sikuweza kusimama. Utauhukumu kwa Alhamisi moja? Vaa viatu, punda wewe, tunakwenda Mansura."

Insaf anasema alisikia kutoka jikoni mumewe akicheka, halafu akamsikia akilia, halafu akasikia mlango ukifungwa. Alipochungulia sebuleni, viatu vya mumewe havikuwepo.

Duka la vifaa vya umeme waliloingia lilikuwa na kabati zima la mashine za kunyolea, na nyuma ya kabati alisimama binti aliyejitambulisha kwa jina la Nirmin. Wazee wawili walitazamana.

"Binti," alisema Hajji Shauki, "usinielewe vibaya. Lakini wewe na ndevu mmekutana wapi?"

"Nina baba na kaka watatu, ami, na bafu moja. Kaa nikusaidie."

Hakuanza na mashine. Alianza na maswali. Unanyoa kila siku au unaacha zikue? Ngozi yako inachubuka upesi? Nywele za shingoni zinakwenda upande mmoja au zinazunguka? Kwenu umeme hukatika?

Kisha akaweka mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa na vichwa vitatu vya mviringo. Hiyo, alisema, inamfaa mwenye ndevu zinazoota kila upande, au anayekaa siku mbili tatu bila kunyoa, na inafuata vizuri mabonde ya kidevu. Ya pili ilikuwa na wavu wa chuma mwembamba sana juu ya visu vyake, na ilikwenda kwa mistari iliyonyooka. Kwa anayenyoa kila siku, anayetaka uso wa karibu kabisa na ana ngozi ya kulalamika, alipendekeza hii.

Wagdi aliuchukua ule wavu, akauinua kwenye mwanga, akapitisha kidole juu yake.

"Kwa hiyo kisu hakigusi ngozi kabisa?"

"Nywele ndizo zinazoingia kwenye matundu, ami. Kisu kinazikuta ndani. Ngozi inabaki nje."

Aliurudisha wavu juu ya kioo. Halafu akauliza swali ambalo Nirmin, alipozungumza nami dukani kwake, alisema wateja wengi hulisahau: wavu ukichakaa, vipuri vinapatikana hapa? Vilipatikana. Akauliza betri hudumu muda gani, kwa sababu ya usiku wa joto umeme unapokatika. Akauliza kama inaoshwa kwa maji, na kama ina kisu cha pembeni cha kupunguza ndevu ndefu kabla ya kunyoa.

Hajji Shauki alikuwa ameshapenda nyingine, ya bei kubwa kuliko zote. "Mbona hii ina taa tano?"

"Taa hazinyoi, ami," alijibu Nirmin.

Walinunua ya bei ya katikati, yenye wavu.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu zaidi. Kunyoa kwa kwanza kulikuwa balaa. Wagdi alipaka povu kwa mazoea, mashine isiyokuwa ya povu ikazibika. Akaikausha, akaanza upya, akaikandamiza shavuni kama alivyozoea kukandamiza wembe. Hajji Shauki alitoka na uso mwekundu, na chini ya taya vijinywele vilibaki vimesimama.

"Nilitaka kuitupa mtoni," anasema Wagdi. "Baba yangu angeniona na kile kidubwasha angenikana."

Badala ya kuitupa alimpigia simu Nirmin. Binti alimwambia mambo mawili: usikandamize, mashine ikiwa nzuri haihitaji nguvu, na ipe ngozi wiki mbili au tatu, kwa maana uso uliozoea wembe lazima uzoeshwe upya.

Basi akawa anakwenda kila asubuhi nyumbani kwa Hajji Shauki. Alijaribu kabla ya kuoga na baada ya kuoga, akaona kabla ni bora, au baada iwapo ngozi imekauka kabisa. Siku za joto alipaka poda kidogo, jasho likae mbali. Aligundua kuwa akivuta ngozi kwa mkono mmoja, nywele husimama zenyewe na kuingia matunduni. Alijua hilo tangu enzi za wembe, ila hakudhani mashine nayo ingelitaka. Kila alipomaliza alifungua kichwa cha mashine, akapiga vumbi la ndevu kwa brashi, akaosha, akaacha kikauke, akatia tone la mafuta.

Vipele vilianza kupotea. Na katika wiki ya tatu, akiwa chini ya kidevu, karibu na kovu lenyewe, mkono wake uliruka.

Ulikuwa mruko uleule. Mashine iliteleza pembeni, ikagusa kovu, ikarudi.

"Nilizima. Nikasubiri damu," anasema. Sauti yake inapungua anaposimulia. "Nikatazama. Hakuna. Hajji amefumba macho, anauliza, mbona umeacha, ulikuwa umefika patamu. Hakujua. Nikamwambia, mkono umeruka, Hajji. Akasema, basi uruke tena, maana hapo palikuwa pananiwasha."

Walicheka mpaka Bi Tahani, mke wa Hajji Shauki, akaja kuona kuna nini. Wagdi alimalizia shavu la mwisho, akapangusa uso kwa taulo lenye maji ya baridi, akasema naiman. Bi Tahani akanyoosha mkono, akampapasa mumewe shavu moja, kisha la pili.

"Karibu nyumbani, Shauki," alisema.

Siku hiyo, anasema Wagdi, ndiyo aliyorudi kuwa kinyozi.

Habari hazikuhitaji tangazo. Bi Tahani ana dada, dada ana majirani, na majirani wana waume wanaoketi kwenye mabenchi ya hospitali wakingojea dawa za moyo, za figo, za sukari. Wake wakaanza kupiga simu. Wengi walikuwa wakijaribu kuwanyoa waume zao wenyewe, mikono ikitetemeka kuliko ya Wagdi kwa hofu ya kumwaga damu.

Leo ana wateja wa nyumbani pande zote mbili za mto. Kipato chake bado hakijafika kile cha duka, lakini Insaf sasa anapika mahshi kwa ajili ya meza yake mwenyewe.

Ana sharti moja asilolilegeza: kila nyumba iwe na mashine yake. Yeye huja na brashi, mafuta, spiriti, taulo safi na mikono yake. Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa ini, na mpaka leo Wagdi hajui kama aliupata kwa wembe wa mtu au kwa njia nyingine. "Sijui, na sitaki mtoto wa mteja wangu naye aishi na swali hilo," anasema. Mteja akitaka, humsindikiza dukani kuchagua, na kwa kawaida humzuia kununua ya bei kubwa mno.

Sharti la pili analitimiza yeye mwenyewe. Kabla ya kumgusa mteja mpya, anaunyoosha mkono mbele yake na kumwacha autazame.

"Namwambia, huu ndio mkono wangu, uone kabisa. Ukikubali, tuanze. Ukikataa, nitamfundisha mkeo, na chai nitakunywa vilevile."

Hakuna aliyewahi kukataa? "Yupo mmoja," anasema, na kutabasamu. "Nilimfundisha mkewe. Sasa ananyoa vizuri kuliko mimi, na anamsema huku amemshika kidevu, hawezi kukimbia."

Anapozungumzia miaka hii ya mwisho, neno linalomjia mara kwa mara ni alhamdulillahi. Analitoa kwa ajili ya Insaf na sufuria yake, kwa ajili ya binti wa dukani ambaye bado humpigia simu, hata kwa ajili ya mashine aliyotaka kuitupa mtoni. Kwa Hajji Shauki analitoa kwa namna nyingine. "Yule alikuwa na haki ya kunishitaki. Akaja kuniomba nimnyoe. Mimi nimefanya nini mbele za Mungu hata nikapewa mtu kama huyo?"

Hajji Shauki, akielezwa maneno hayo, anapunga mkono. "Nilikuwa nawashwa," anasema. "Mwambie aache makelele."

Mpango wa Usta Wagdi sasa ni kulifungua tena duka la baba yake kabla ya Idi. Asubuhi ataendelea na nyumba za wagonjwa, na alasiri atakaa dukani, ambako mteja atakuja na mashine yake, au ataelekezwa ya kununua. Alhamisi mchana amezitenga kwa wanawake wanaowauguza waume na baba zao, waje kujifunza kunyoa. Insaf ameshafua mapazia.

Nilipomtembelea dukani wiki iliyopita, nilimkuta mlangoni, suruali imekunjwa mpaka magotini, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Mbele ya mlango palikuwa na ngazi mbili za jiwe ambazo baba yake alizijenga kwa mikono yake, kuzuia maji ya mvua yasiingie. Wagdi alikuwa amezivunja. Mahali pake fundi alikuwa amemwaga mteremko mpana wa saruji, ambao ulikuwa bado mbichi, na kinyozi alikuwa akiwafukuza paka wasiukanyage.

"Kiti cha magurudumu kitapita hapa bila kuinuliwa," alisema, akionyesha kwa mkono wake unaotetemeka. "Mgonjwa amechoka kubebwa, bwana. Anabebwa kitandani, anabebwa kwenye gari, anabebwa hospitali. Kwa kinyozi aingie mwenyewe."